Namna ya Kuchagua Deki ya Santuri: Anzia Kabatini Kabla ya Kwenda Dukani

Anayetaka kununua deki ya santuri kwa ajili ya nyumbani hukutana na mambo mawili yanayomchanganya kwa pamoja. La kwanza ni wingi wa mifumo: VCD, DVD, Blu-ray, Ultra HD Blu-ray, na juu ya hiyo alama ndogondogo za picha na sauti zinazojaza sanduku la mashine. La pili ni maoni ya wanunuzi, ambayo kwa deki ileile mmoja huisifu kwa nyota tano na mwingine huapa kwamba alitupa fedha zake. Mimi niliwahi kununua deki iliyosifiwa mno, nikaifikisha nyumbani, nikakuta haisomi santuri ya harusi ya dada yangu, ambayo ndiyo hasa iliyonipeleka dukani. Deki haikuwa mbovu. Waliokuwa wameisifu walikuwa na santuri tofauti na zangu, nami sikuwahi kujiuliza swali hilo. Mpangilio wa hatua zifuatazo umetokana na kosa hilo.

Hatua ya 1: Toa santuri zote kabatini uzigawe mafungu

Kabla ya kuuliza bei yoyote, keti na santuri zako zote mbele yako. Neno santuri hapa linajumuisha kila kitu ambacho mtaani tunakiita CD, hata kama juu yake pameandikwa DVD. Geuza kila moja uangalie upande unaosomwa, kisha utazame kasha lake, kwa kuwa macho peke yake yanatosha kutenganisha sehemu kubwa ya kazi hii. Santuri iliyochapwa kiwandani hung'aa rangi ya fedha, au dhahabu hafifu ikiwa na matabaka mawili, ilhali iliyochomwa kwa kompyuta mara nyingi huwa na rangi ya zambarau au ya bluu upande wa chini. Kasha la Blu-ray kwa kawaida ni la bluu, la Ultra HD Blu-ray ni jeusi, na ukikutana na kasha jekundu lililoandikwa HD DVD, basi hilo ni kaburi nitakalolieleza katika hatua ya pili.

Katika nyumba nyingi za kwetu fungu la kwanza litakuwa VCD: kwaya, taarabu, na filamu za Bongo zilizouzwa sehemu ya kwanza na ya pili. VCD ni mfumo wa mwaka 1993, unaobeba takriban dakika 74 tu za picha kwa santuri moja, na picha yenyewe ina nukta 352 kwa 288. Fungu la pili ni DVD za kiwandani. Fungu la tatu, ambalo mimi naliona ndilo lenye thamani kuliko yote, ni zile zilizochomwa na wapiga picha wa harusi, sendofu, mahafali na maulidi, kwa sababu hizo haziuzwi popote na nakala yake huenda ni hiyo moja. Kisha kuna zile santuri za filamu 20 kwa moja. Hizo zimebanwa kiasi kwamba hakuna deki, hata iwe ya bei gani, itakayorudisha picha iliyokwisha kutupwa wakati wa kubana, usiziruhusu zikushauri.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo. Santuri ya kuchoma huhifadhi picha kwenye rangi ya kikemikali inayofifia kwa joto, mwanga na miaka, na pwani yetu haikosi joto. Ikiwa santuri ya harusi bado inasomeka kwenye kompyuta ya mtu, inakili kwenye diski kuu ya nje wiki hii, kabla hata hujamaliza kusoma mwongozo huu. Deki mpya inaweza kusubiri.

Hatua ya 2: Fahamu deki inasoma nini, na kwa nini

Santuri zote hizi zina kipenyo kimoja cha milimita 120, ndiyo maana watu hudhani kwamba kinachoingia kwenye trei lazima kisomeke. Tofauti iko kwenye mwanga. CD na VCD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa leza nyekundu ya nanomita 650, na Blu-ray kwa leza ya zambarau ya nanomita 405. Kadiri mawimbi ya mwanga, yanayopimwa kwa hizo nanomita, yanavyokuwa mafupi ndivyo mistari ya data inavyoweza kusogezwa karibu zaidi, na ndiyo sababu tabaka moja la DVD hubeba GB 4.7 ilhali tabaka moja la Blu-ray hubeba GB 25. Deki ya DVD haina leza ya zambarau, kwa hiyo haitasoma Blu-ray hata ikisafishwa na fundi gani. Deki ya Blu-ray, kwa upande wake, huwekewa leza za zamani pia, na hivyo husoma DVD.

Kanuni ya jumla, basi, ni kwamba deki husoma ya chini yake wala haisomi ya juu yake; lakini kanuni hiyo ina mashimo, na humo ndimo wanunuzi wanamotumbukia. Si kila deki ya Blu-ray inakubali VCD, ingawa leza inayofaa imo ndani, kwa kuwa mtengenezaji anaweza kuwa hakuweka programu ya kuifungua. Mashine ya michezo ya PlayStation 5 yenye sehemu ya kuingizia santuri inacheza Ultra HD Blu-ray lakini haichezi CD za muziki. Zile za kuchoma nazo zina koo mbili, DVD-R na DVD+R, zilizotokana na makundi mawili ya watengenezaji yaliyokataa kukubaliana, na deki nyingi za zamani husoma moja zikasusia nyingine. Kwa hiyo soma orodha ya mifumo katika kijitabu cha deki, mstari kwa mstari, ukiilinganisha na mafungu yako. Jina kubwa lililoandikwa mbele ya mashine halitoshi.

Sasa lile kasha jekundu. Mwaka 2006 mifumo miwili ya picha za ubora wa juu iliingia sokoni kwa pamoja: HD DVD iliyoongozwa na Toshiba, na Blu-ray iliyoongozwa na Sony na washirika wake. Kwa miaka miwili wanunuzi walilazimika kubahatisha. Mwezi Januari 2008 kampuni ya filamu ya Warner ilitangaza kwamba itabaki na Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari mwaka huohuo Toshiba ikatangaza kuachana na HD DVD. Waliokuwa wamenunua deki hizo walibaki na mashine nzuri isiyo na filamu mpya. Ukiletewa moja kama mtumba kutoka Ulaya, itacheza vizuri DVD za eneo lake (tazama hatua ya 4), lakini usiilipie zaidi ya bei ya deki ya DVD.

Mashindano ya namna hiyo hayapo tena kwa ukubwa ule. Yaliyobaki ni ya alama ndogo, nayo hayamwachi mtu na mashine isiyo na kazi. Santuri ya Ultra HD yenye Dolby Vision au HDR10+, yaani mifumo ya kuboresha mwangaza na rangi za picha, hubeba pia HDR10 ya kawaida, hivyo runinga isiyojua hizo mbili bado itaonyesha picha. Santuri nyingi za muziki za SACD zina tabaka la CD ya kawaida, na hizo hucheza kwenye redio yoyote yenye sehemu ya CD.

Hatua ya 3: Iangalie runinga yako kwa nyuma

Deki haitaonyesha zaidi ya runinga inavyoweza. Kama bado una ile TV ya chogo yenye matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe, unahitaji deki yenye matundu hayohayo, na hiyo kwa kawaida ni deki ya DVD. Deki za Blu-ray za miaka hii hutoa picha kwa HDMI peke yake, baada ya wenye filamu kushinikiza nyaya za zamani ziondolewe kwa kuogopa kunakiliwa. Nimeshuhudia mtu akirudi dukani siku ya pili kwa sababu hiyo tu.

Kwa wenye runinga bapa, hesabu ni rahisi kuikumbuka. Picha ya DVD ya kwetu ina nukta 720 kwa 576. Picha ya Blu-ray, nukta 1920 kwa 1080, ni mara 5 ya hiyo. Ya Ultra HD, ambayo ndiyo 4K, nukta 3840 kwa 2160, ni mara 20. Unapocheza DVD kwenye runinga ya 4K, nukta 19 kati ya kila 20 unazoziona zimebuniwa na mashine, ama na deki ama na runinga yenyewe. Runinga nzuri hufanya kazi hiyo vizuri kiasi kwamba kulipia deki ghali kwa ajili ya kukuza picha za DVD peke yake ni hasara, na hapa sitatafuna maneno: wauzaji wengi hulisifu jambo hili kwa sababu ndilo rahisi kulionyesha dukani.

Ukitaka Ultra HD, hakikisha tundu la HDMI unalolitumia kwenye runinga linakubali HDCP 2.2, ulinzi dhidi ya kunakili, maana kwenye baadhi ya runinga za mwanzo za 4K ni tundu moja au mawili tu yaliyo nao. Kuhusu sauti, kama unasikiliza kwa spika za runinga, alama zote za sauti kwenye sanduku la deki unaweza kuzipita bila kuzisoma.

Hatua ya 4: Namba ya eneo, mfumo wa picha na umeme

Kwa wanaopokea santuri au mashine kutoka kwa ndugu walio nje, hatua hii ina uzito kuliko nyingine zote, na maoni mengi ya mtandaoni hayaigusi, kwa kuwa mwandishi wa Chicago ananunua deki ya Chicago na santuri za Chicago.

DVD ziligawa dunia katika maeneo yenye namba. Afrika Mashariki na Congo ziko eneo la 5 pamoja na India na Urusi. Oman, Uingereza, sehemu kubwa ya Ulaya, Japani na Afrika Kusini ziko eneo la 2. Marekani na Kanada ziko eneo la 1. Namba huandikwa nyuma ya kasha ndani ya picha ndogo ya dunia. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zimefunguliwa kusoma maeneo yote, na nyingine hufunguliwa kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti. Deki za majina makubwa zilizotoka Ulaya au Marekani mara nyingi zimefungwa. Hapa ndipo deki ya bei ndogo humshinda kaka yake wa bei kubwa.

Blu-ray ilipanga upya maeneo hayo kwa herufi, nasi tulipata nafuu: Afrika, sehemu kubwa ya Ulaya na Mashariki ya Kati ziko B. Kwa hiyo aliye Muscat anaweza kumtumia mamake wa Zanzibar Blu-ray bila wasiwasi. Ya Marekani iliyofungiwa eneo A haitacheza, wala ya India iliyofungiwa C, na kufungua deki ya Blu-ray kwa kawaida si kazi ya rimoti. Ultra HD Blu-ray haina eneo kabisa. Lakini kasha lake mara nyingi lina santuri mbili, na ile ya pili, Blu-ray ya kawaida, inaweza kuwa imefungwa. Ukiona moja inacheza na nyingine inakataa, usiilaumu deki.

Mfumo wa picha ni jambo la kando siku hizi. Sisi tunatumia PAL, Marekani na Japani NTSC. Runinga bapa nyingi hupokea zote mbili, ila deki iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kukataa DVD ya PAL.

Umeme, hata hivyo, hausamehe. Mashine ya mtumba kutoka Japani inaweza kuwa imeandikwa volti 100 peke yake, na iliyotoka Marekani volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, utasikia mlio mmoja na kunusa harufu. Geuza deki, tafuta kibandiko cha nyuma au cha chini, na kama hakikuandikwa 100-240V wala 220-240V, ongeza gharama ya transfoma kwenye bei kabla ya kuiita rahisi.

Hatua ya 5: Soma maoni yanayopingana kama ushahidi wa watu tofauti

Sasa ndipo pa kufungua maoni ya wanunuzi, ukiwa tayari unajua una mafungu gani, runinga gani na umeme gani. Usianze na wastani wa nyota. Wastani unachanganya aliyeletewa mashine iliyovunjika njiani, aliyechukia rimoti, aliyekasirishwa na mpeleka mizigo, na aliyeitumia miaka mitatu bila tatizo. Na kwa baadhi ya maduka ya mtandaoni, maoni ya deki tatu tofauti huwekwa chini ya picha moja. Anza kwa kuuliza, kwa kila maoni, mtu huyu alikuwa akicheza nini na kwenye runinga gani. Asiyesema, mwache apite.

Mfano mzuri ni deki mbili za Ultra HD ambazo watu hawaishi kubishana juu yake, Panasonic DP-UB820 na Sony UBP-X800M2. Mpenzi wa filamu huisifu ya Panasonic kwa sababu inakubali HDR10+ na Dolby Vision zote mbili, na ina namna ya kurekebisha mwangaza kwa runinga zisizong'aa sana. Mpenzi wa muziki huipa nyota mbili kwa sababu haisomi SACD. Ya Sony inasoma SACD na DVD-Audio, lakini haina HDR10+, na Dolby Vision yake inabidi uiwashe na kuizima mwenyewe kwenye mipangilio. Wote wawili wanasema kweli. Mwenye runinga ya Samsung, kampuni ambayo imekuwa ikiiacha Dolby Vision kwenye runinga zake na kushikilia HDR10+, ataona ugomvi wa Dolby Vision haumhusu hata kidogo. Na mwenye kabati la VCD za taarabu hahusiki na ugomvi wote.

Baada ya kuchuja hivyo, tafuta lalamiko linalojirudia kwa maneno tofauti kutoka kwa watu wasiojuana. Mtu mmoja akisema deki iliganda, huenda santuri yake ilikuwa na alama za vidole. Watu kumi wakisema iliganda kwenye santuri za Ultra HD zenye matabaka matatu, zile za GB 100, hiyo ni tabia ya mashine, kwa kuwa tabaka la tatu ndilo linalodai usahihi mkubwa wa leza. Lalamiko lenye jina la tatizo, aina ya santuri na muda wa matumizi lina uzito kuliko sifa kumi za "nzuri sana, nimefurahi". Sifa za wiki ya kwanza hazina thamani kwa kitu ambacho huharibika mwaka wa pili. Tafuta walioandika baada ya miezi 12 na zaidi.

Angalia pia tarehe. Deki ya Blu-ray ina programu ya ndani ambayo mtengenezaji huisahihisha, hivyo kasoro iliyolalamikiwa mwaka wa kwanza huenda ilikwisha kuondolewa. Kinyume chake kinaumiza zaidi: santuri mpya za Blu-ray hubadilishiwa funguo za ulinzi mara kwa mara, na deki isiyopata tena masahihisho inaweza kuzikataa. Oppo, ambayo wajuzi wengi waliiweka juu ya wote, ilitangaza kuacha kutengeneza deki mwaka 2018. Samsung ikafuata mwaka 2019 na LG mwaka 2024. Ukiona sifa tele za deki ya kampuni iliyokwisha kutoka, soma kwa heshima, kisha ujiulize vipuri utavipata wapi.

Usimsahau fundi wa mtaani. Muulize ni deki zipi analetewa mara kwa mara na ni lenzi za aina gani anazo akibani. Jibu lake ni maoni ya wateja mia waliokwisha kuharibikiwa, na hana sababu ya kumpendelea muuzaji yeyote.

Hatua ya 6: Nenda dukani na santuri zako

Chukua santuri nne: VCD moja, ya harusi iliyo kuukuu kuliko zote, filamu ya kiwandani yenye matabaka mawili, na moja yenye mikwaruzo unayoijua. Muuzaji atataka kukuonyesha santuri yake ya matangazo. Mshukuru, kisha weka zako. Leza huanza kusoma katikati na kuelekea ukingoni, kwa hiyo dakika tano za mwanzo hazithibitishi chochote. Ruka hadi sura ya mwisho uone kama picha inakwama. Kwenye ile ya matabaka mawili, pitia eneo la katikati ya filamu, mahali leza inapohama tabaka: kusita kwa kufumba na kufumbua ni kawaida, kusimama sekunde kadhaa si kawaida. Fungua na ufunge trei mara kadhaa ukisikiliza mkwaruzo.

Kama utatumia pia flashi, jaribu na flashi yako mwenyewe. Deki za bei nafuu mara nyingi hukubali mpangilio wa FAT32 peke yake, na mpangilio huo haubebi faili linalofikia GB 4, hivyo filamu kubwa haitaingia humo, na flashi ya mpangilio mwingine haitasomwa na deki, nawe utadhani tundu limekufa.

Santuri ikikwama, usiikatae deki kabla hujaifuta kwa kitambaa laini, kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Ikikwama palepale tena, kosa huenda ni la santuri. Ikikwama kila mara mahali tofauti, mrudishie muuzaji mashine yake.

Kuhusu uamuzi wenyewe, maoni yangu ni haya. Mwenye VCD na santuri za harusi anunue deki ya DVD iliyofunguliwa maeneo yote, yenye HDMI na matundu ya zamani, na fedha iliyobaki anunue diski kuu ya kuhifadhia nakala. Mwenye Blu-ray kadhaa anunue deki ya Blu-ray ya kawaida. Ultra HD ni kwa mwenye runinga kubwa ya 4K na njia ya uhakika ya kupata santuri zake, kwa sababu kununua mashine hiyo kwa ajili ya filamu tatu ulizoletewa kutoka London ni kujenga gati kwa ajili ya mtumbwi mmoja.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza nyumbani

Iweke deki mahali penye hewa, isikae juu ya kisimbuzi wala chini ya runinga ya chogo inayotoa joto, na uichomeke kwenye stabilaiza kama mtaa wako una umeme wa kupandapanda. Ikiwa ni Blu-ray, iunganishe na intaneti mara moja ili ipokee masahihisho ya programu. Usitupe sanduku wala risiti mpaka uwe umeitazama santuri ya harusi hadi dakika ya mwisho, pamoja na ile foleni ndefu ya kutoa zawadi ambayo familia nzima huiruka, kwa kuwa foleni hiyo iko ukingoni kabisa mwa santuri.